Je, ni haki mfungwa afanye kazi bila ujira wowote?

Mkaazi wa Ifakara anauliza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Nina swali ambalo limenisumbua tangu mdogo wangu aliporudi uraiani mwezi wa 4, nami naomba tulijadili kwa utulivu, kwa sababu najua kwamba linawagusa walioibiwa na walioumizwa kama linavyotugusa sisi wenye ndugu waliopita gerezani.

Mdogo wangu alihukumiwa kifungo cha miaka 3 kwa kuiba pikipiki. Kosa alilifanya, alikiri mahakamani, na hakuna mtu katika familia yetu anayedai kwamba alionewa. Baada ya kusamehewa theluthi moja ya kifungo kwa tabia njema alitumikia miaka 2, karibu yote katika gereza moja la kilimo ambalo sitalitaja. Huko aling'oa visiki, alipanda mpunga, alipalilia, alivuna na kubeba magunia, siku 6 kwa wiki, na kwa hesabu yangu ni siku zisizopungua 600 za kazi. Siku alipotoka alikabidhiwa nguo alizoingia nazo pamoja na nauli ya basi. Katika miaka hiyo 2 mkewe alishindwa kulipa kodi ya chumba akarudi kwa wazazi wake, na mtoto wao mkubwa alikaa nyumbani muhula mzima kwa kukosa sare na madaftari.

Kinachoniuma si kazi yenyewe, kwa maana sisi ni wakulima na jembe halijatuaibisha. Katiba yetu ya Tanzania, katika ibara ya 25, inasema kwamba kazi ndiyo chimbuko la ustawi wa wananchi na kipimo cha utu. Ibara hiyo hiyo, inapokataza kazi ya shuruti, inaeleza kwamba kazi inayofanywa kutokana na hukumu au amri ya mahakama haitahesabiwa kuwa ya shuruti. Hapo ndipo ninapokwama: ikiwa kazi ni kipimo cha utu, inakuwaje kazi ya mfungwa isipimwe kwa kitu chochote, hata kwa shilingi chache za kumpelekea mwanawe daftari? Hakimu alimnyima mdogo wangu uhuru wake kwa miaka 3. Nilikuwapo mahakamani, na sikumsikia akisema kwamba jasho lake nalo limechukuliwa.

Kuna jambo jingine aliloniambia kwa sauti ya chini, kwamba mara kadhaa yeye na wenzake walipelekwa kupalilia shamba la mtu binafsi, na hawakujua kama kulikuwa na malipo wala aliyeyapokea. Naomba mwenye ujuzi wa sheria anieleze kama hilo linaruhusiwa. Wengine naomba mnieleze mnavyoliona kwa upande wa haki, maana si kila kinachoruhusiwa na sheria ni haki.

Askari Mstaafu anajibu:

Ndugu yangu Mkaazi wa Ifakara, nakupa pole kwa yaliyoikuta familia ya mdogo wako. Nimelitumikia Jeshi la Magereza kwa miaka 31 hadi nilipostaafu nikiwa sajini, na nitasema nilichokiona kwa macho yangu bila kumtetea mtu.

Kwanza, msiichukulie kazi ya gerezani kuwa ni ukatili kwa asili yake. Nimefanya kazi katika magereza ya mjini ambako wafungwa hawakuwa na shamba wala karakana, wakashinda wamefungiwa kutwa, na nawaambia kwamba hakuna kinachomharibu mtu kama hicho. Mgomvi huzidi ugomvi, kijana mpole hufundishwa wizi na waliobobea, na mwenye huzuni huacha kula. Kwenye gereza la shamba, mtu aliyetoka asubuhi na jembe hurudi amechoka, hula na kulala. Wengi waliniomba wenyewe wapangwe kwenye gengi la nje, hata wazee ambao tungewaacha wapumzike.

Pili, mfungwa anakula, anavaa, anatibiwa, na gharama hiyo hulipwa na mwananchi ambaye hakuiba pikipiki ya mtu. Mnakumbuka kwamba mwaka 2018 Rais John Magufuli alilisema jambo hili waziwazi, kwamba ni aibu kwa nchi kuendelea kuwalisha wafungwa wenye nguvu ilhali magereza yana mashamba. Maneno yale yaliwakera wengine, lakini mtaani yalishangiliwa, na aliyeshangilia alikuwa na hoja. Mfungwa ni mdeni, na mdeni akifanya kazi analipa deni lake, hadai mshahara.

Hata hivyo sitaficha upande wa pili. Tunaposema kwamba kazi inamrekebisha mfungwa, inatupasa tuulize ni kazi gani. Aliyewekwa kwenye kiwanda cha viatu cha Karanga kule Moshi, au kwenye karakana ya useremala, hutoka na ufundi mikononi. Kijana wa Ifakara aliyezaliwa ndani ya mpunga hafundishwi kitu kipya ukimpa jembe la mkono akalime mpunga miaka 2. Hapo tunachokipata ni chakula cha gereza, na tusikiite elimu. Nami nimewahi kumpokea tena getini mtu niliyemfungulia miezi 2 iliyotangulia. Nilipomuuliza kilichomrudisha, aliniambia kwamba alifika kwao na mikono mitupu, akakuta hana chumba wala jembe, na wa kwanza kumpa chakula alikuwa mwenzake wa zamani katika wizi. Jibu lile sijalisahau.

Kuhusu shamba la mtu binafsi, sisi tulifundishwa tangu chuoni kwamba kumtumia mfungwa kwa faida ya askari au ya rafiki wa askari ni mwiko. Kama lilifanyika, lilifanyika kinyume cha mafunzo.

Wakili wa Pwani anajibu:

Nawaandikia kutoka Mombasa. Mzee wangu Askari Mstaafu, shikamoo, na nakushukuru kwa kusema ukweli kutoka pande zote mbili. Nitaanza na swali la ndugu muulizaji kuhusu shamba la mtu binafsi, kwa kuwa jibu lake liko wazi kuliko mengine.

Mkataba Na. 29 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1930, ndio unaokataza kazi ya shuruti. Tanganyika iliuridhia mwaka 1962 na Kenya mwaka 1964. Mkataba huo unaitoa kazi ya mfungwa katika marufuku, lakini kwa masharti yanayokwenda pamoja: kazi iwe imetokana na hukumu ya mahakama, ifanyike chini ya usimamizi wa mamlaka ya umma, na mfungwa asikodishwe wala asiwekwe chini ya mtu binafsi, kampuni au chama. Sharti la mwisho halifutwi na kuwapo kwa askari pembeni ya shamba. Wataalamu wa shirika hilo wamekubali kwamba mfungwa anaweza kumfanyia kazi mtu binafsi ikiwa ameridhia kwa hiari yake na masharti ya kazi yanakaribiana na yale ya mfanyakazi huru, yaani pamoja na ujira. Aliyepelekwa asubuhi kwa kuitwa jina hakuridhia chochote. Tatizo hili si la nchi moja: mwaka 2011 shirika la kutetea haki za binadamu la Human Rights Watch lilichapisha matokeo ya uchunguzi wake katika magereza ya Uganda, ambako wafungwa, na hata mahabusu ambao kesi zao zilikuwa hazijasikilizwa, walieleza namna walivyopelekwa kulima mashamba ya watu binafsi.

Nasisitiza habari ya mahabusu, kwa sababu hutajwa mara chache. Mahabusu hajapatikana na hatia, hivyo hana hukumu inayoweza kuhalalisha kazi yake. Kanuni za Nelson Mandela kuhusu namna ya kuwatendea wafungwa, zilizopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwezi Desemba 2015, zinasema katika kanuni ya 116 kwamba mahabusu apewe nafasi ya kufanya kazi lakini asilazimishwe, na akifanya alipwe. Kuhusu mfungwa aliyehukumiwa, kanuni ya 97 inakataza asitumikishwe kwa manufaa binafsi ya askari, na kanuni ya 103 inataka kuwe na utaratibu wa ujira wa haki, ambao mfungwa atautumia sehemu kwa mahitaji yake, sehemu ataipeleka kwa familia, na sehemu itawekwa akiba ili akabidhiwe siku ya kutoka. Kanuni hizi hazina nguvu ya mkataba, lakini zinatuonyesha kwamba anachokidai ndugu muulizaji kimeshakubaliwa na mataifa.

Huku kwetu Kenya, Katiba ya zamani ilikuwa na kifungu kama chenu, kilichosema kwamba kazi inayotokana na hukumu si kazi ya shuruti. Katiba ya mwaka 2010 haikukirudisha. Ibara ya 30 inasema tu kwamba mtu hatalazimishwa kufanya kazi ya shuruti, na ibara ya 51 inasema kwamba aliyefungwa anabaki na haki zake zote isipokuwa zile zisizoweza kwenda pamoja na kufungwa kwake. Sioni kwa nini kupokea ujira kusiweze kwenda pamoja na kufungwa. Ni kweli kwamba kanuni zetu za magereza zina mpango wa malipo, lakini viwango vyake vilihesabiwa kwa senti kwa siku, na senti haimnunulii mtu hata kipande cha sabuni. Mwananchi anayeendesha gari Nairobi leo anatembea na namba iliyotengenezwa na wafungwa wa Kamiti, naye ameilipia bei kamili.

Mtanisamehe nikirudi nyuma kidogo, kwa sababu mimi nina ndugu Tana River na jambo hili kwetu si la vitabuni. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola iliyoko huko Tana River, askari wa serikali ya kikoloni waliwapiga kwa marungu watu waliozuiliwa kwa ajili ya Mau Mau, ili wakubali kuchimba mifereji ya umwagiliaji. Watu 11 walikufa. Tangazo la kwanza la serikali lilidai kwamba walikufa baada ya kunywa maji, hadi uchunguzi wa miili ulipoonyesha majeraha. Watu wale hawakuwa wavivu. Hoja yao ilikuwa kwamba hawakuhukumiwa na mahakama yoyote, na kwa hiyo hakuna aliyekuwa na haki ya kuwatia kazini. Walikuwa wakitenganisha aliyefungwa na aliyefanywa mtumwa, na utenganisho huo ndio tunaoujadili hapa. Wakoloni walijenga barabara nyingi na hata uwanja wa ndege wa Embakasi kwa mikono ya waliofungwa na waliozuiliwa, wengine makosa yao yakiwa ni kodi ya kichwa au kukosa kipande, yaani kitambulisho ambacho Mwafrika alilazimishwa kutembea nacho. Tulipopata uhuru tuliurithi utaratibu huo pamoja na majengo yake. Serikali inayopata mikono ya bure hujenga mazoea ya kuihitaji, na hilo ni hatari kwa kila raia, hata yule ambaye hajawahi kupanda karandinga.

Kubadilisha maandishi peke yake hakutoshi. Jimbo la Colorado kule Marekani liliondoa katika katiba yake, mwaka 2018, maneno yaliyoruhusu utumwa kuwa adhabu ya kosa, lakini mwaka 2022 wafungwa wake walikwenda mahakamani wakisema bado wanaadhibiwa wakikataa kazi.

Mama wa Duka anajibu:

Nimesoma yote kwa makini, nami nazungumza kama mtu aliyeibiwa. Miaka 5 iliyopita vijana wawili walivunja duka langu usiku wakachukua sukari, mafuta, vocha na fedha za kikundi chetu cha akina mama, ambazo nilikuwa nimekabidhiwa mimi kama mweka hazina. Walikamatwa, walifungwa, na mahakama iliamuru wanilipe fidia. Sikulipwa, kwa sababu hawakuwa na kitu. Fedha za kikundi nilizirudisha mwenyewe kwa kuuza cherehani yangu, na ilinichukua mwaka mzima.

Mzee Askari Mstaafu, umesema mfungwa ni mdeni. Nakubali kabisa, lakini naomba unijibu: ni mdeni wa nani? Vijana wale walilima, na mazao yao yakaenda ghalani. Serikali haikuibiwa kitu katika duka langu, ila ndiyo iliyopokea kazi yao yote, na mimi niliyeibiwa sikupata hata kilo moja ya sukari. Wangelipwa ujira, hata kama ni nusu ya anachopata kibarua wa kijijini, na sehemu ikaletwa kwangu kila mwezi kwa amri ya mahakama, ningekuwa nimeshalipwa zamani, na nadhani hata hasira yangu ingekuwa imepungua, maana ningejua kwamba kila shilingi ninayoipokea imetoka mikononi mwao wenyewe.

Watu wengi wanadhani kwamba sisi tulioibiwa ndio tunaotaka mfungwa afanyishwe kazi bure. Mimi sitaki hivyo. Dini yangu imenifundisha kwamba mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka, na sijasikia mahali palipoandikwa kwamba jasho la mfungwa limetolewa katika fundisho hilo. Ninachotaka ni kwamba akishapewa, anilipe.

Fundi Seremala anajibu:

Naongeza jambo ambalo halijaguswa. Mimi nina karakana yenye mafundi 4, na kila mmoja analipwa kila Jumamosi. Mwaka juzi tuliomba kazi ya kutengeneza madawati ya shule, tukashindwa kwa sababu karakana ya gereza moja ilitaja bei ambayo mimi nisingeweza kuifikia hata kama ningewalipa mafundi wangu nusu. Siwalaumu wafungwa walioyatengeneza, kwa kuwa madawati niliyaona na ni imara. Lakini bei ile ilikuwa ndogo kwa sababu haikuwa na ujira ndani yake. Mmoja wa mafundi wangu niliyelazimika kumwachisha kazi alikuwa amewahi kufungwa, na ufundi wake aliupata gerezani. Ujira wa mfungwa ukiingizwa kwenye bei, fundi wa mtaani naye atapona.

Mkaazi wa Ifakara anaandika tena:

Nawashukuru wote, na kwa namna ya pekee Mama wa Duka, kwa sababu nilipouliza swali langu nilimfikiria mdogo wangu na wanawe, wala sikumfikiria mwenye pikipiki. Jana nilikaa na mdogo wangu nikamsomea majibu yenu. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema kwamba mwenye pikipiki ile alikuwa bado anailipia mkopo, na kwamba gerezani hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kumuuliza jinsi atakavyomlipa. Aliambiwa alime, akalima.

Tulichukua karatasi tukafanya hesabu ya kubuni. Tulichukua malipo ya kibarua wa palizi hapa kwetu, tukaondoa nusu nzima iwe chakula na malazi ya gereza, kama anavyotaka mzee wetu, ili mwananchi asibebe mzigo. Nusu iliyobaki tuliigawa sehemu 3: kwa aliyeibiwa, kwa mke na watoto, na kwa akiba ya siku ya kutoka. Kwa siku zile 600, fungu la aliyeibiwa halikutosha kununua pikipiki nzima, lakini lilikuwa fedha ambayo mtu anaweza kwenda nayo nyumbani kwa mwenzake na kugonga mlango. Mdogo wangu aliikunja karatasi ile akaitia mfukoni.

Mzee Askari Mstaafu, nina swali moja la mwisho kwako. Nilipomweleza diwani wetu wazo hili, alinijibu kwamba haliwezekani, kwa sababu magereza hayana njia ya kujua nani amefanya kazi siku ngapi, na kuanzisha hesabu hiyo kungehitaji fedha na watumishi wapya. Je, ni kweli?

Askari Mstaafu anajibu:

Ndugu yangu, hilo si kweli. Asubuhi wafungwa huhesabiwa wanapofunguliwa, huhesabiwa tena kwa gengi wanapotoka getini, huhesabiwa shambani, huhesabiwa wanaporudi, na jioni huhesabiwa kabla ya kufungiwa. Kila gengi lina askari wake na idadi yake huandikwa kitabuni, pamoja na kazi lililokwenda kufanya. Anayebaki kwa ugonjwa huandikwa, na anayekwenda mahakamani huandikwa pia. Tusingeweza kulala usingizi bila vitabu hivyo, kwa maana akikosekana mtu mmoja gereza zima halilali. Kilichokuwa hakiandikwi ni ujira tu.

Na Mama wa Duka ameniuliza swali ambalo katika miaka 31 sikuwahi kuulizwa na mkubwa wangu yeyote. Nilipoandika kwamba mfungwa ni mdeni nilikuwa nafikiria ugali na maharage anayokula. Mwambie diwani wako kwamba yupo sajini mstaafu aliyeandika vitabu hivyo kwa mkono wake, na akitaka kuelezwa namna vinavyojazwa, nitasafiri kwa nauli yangu mwenyewe nije nimweleze.